Uwanja wa Nyuma ya Ghala

Homa Bay,
14 Januari 2024

Kwa Shemeji Barnabas,

Habari za huko Macalder? Sisi tunapumua, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Binti yetu Pauline amerudi bwenini juzi akilia kama mtoto wa chekechea, ingawa yuko kidato cha tatu. Mwanao Elvis hajambo? Bado anakusikiliza? Na kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi ya mwaka juzi, kiliisha, au umekizoea tu?

Najua simu huisikii tena tangu kinu cha kusagia mawe kikuharibu masikio, na najua hupendi Elvis akusomee ujumbe mbele ya vijana wa mgodini. Kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu, hata baada ya miaka yote hii ya kuolewa kwenu, bado kinawachekesha watu, nanyi bado mnaniita Nyar Kisii, binti wa Kisii.

Shemeji, ndugu yako Joash alianguka mwezi wa kumi. Alikuwa ufuoni akifungua injini ya boti ya mtu, spana ikamtoka mkononi, akainama kuiokota, hakuinuka. Ni kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, maneno yanatoka nusu nusu. Alinikataza kukuambia. Alisema, kwa shida, "Barna... kazi." Yaani una kazi yako, usisumbuliwe. Nimejaribu kutii, nimeshindwa.

Daktari alituambia dawa ni nusu ya tiba, nusu nyingine ni kutembea, asubuhi na jioni, mahali pasipo na moshi. Mimi nikamwuliza, "Daktari, wewe unakujua kwetu?" Ukifungua mlango wetu unakutana na mtaro. Ukiruka mtaro uko barabarani, na bodaboda hazimngojei mtu anayeburuta mguu. Huku wanakaanga samaki, kule wanachoma plastiki. Kwa hiyo Joash anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, anageuka, anarudi. Ananifanya nikumbuke simba niliyemwona kwenye kizimba nikiwa mwanafunzi.

Lakini kuna jambo. Unaukumbuka ule uwanja wa nyuma ya ghala la zamani la pamba, ambapo watu hutupa taka na mbuzi hula mifuko ya plastiki? Kuna mradi umekuja na pesa za wafadhili, wanataka kutengeneza bustani mijini ili watu wapate pa kutembea na kupumzika, wapunguze presha na sukari. Wanaita wakazi waseme bustani iwekwe wapi. Mimi nataka kwenda kusema.

Niombee.
Shemeji yako,
Edith


Macalder,
20 Februari 2024

Nyar Kisii,

Barua yako ililala dukani kwa Sammy wiki nzima chini ya gunia la sukari. Mimi nipo. Elvis yupo, anakula kama watu wawili. Kwenu nafikiri mko.

Nimekasirika. Ndugu yangu ameanguka mwezi wa kumi na mimi najua mwezi wa pili. Nilikula Krismasi nikicheka. Usifanye hivyo tena, hata akikukataza. Mimi ndiye mkubwa wake. Baba alipokufa kule Rusinga, ni mimi niliyempeleka Joash shule kwa mkono, kwa hiyo mkono wake ukilala ni haki yangu kujua.

Kuhusu bustani. Wewe ni msomi kuliko mimi, lakini nakuuliza: tangu lini mtu akapanda miti kwa ajili ya mguu wa Joash? Watu wa miradi nimewaona. Walikuja hapa na vitambaa vya kufunga puani, wakatupiga picha tumevifunga, wakaenda. Vitambaa viliisha, hawakurudi. Huku miti yote imeshuka mashimoni kushikilia mawe yasiwaangukie wachimbaji. Juu limebaki vumbi. Ukiniambia neno bustani nacheka.

Nenda useme kama unataka. Mwambie Joash, "Omera, ndugu yangu, inuka." Amenisikia tangu akiwa mdogo, atanisikia.

Elvis anataka kazi kwenye kinu. Nimemkataza. Aendelee na mbuzi na kibarua cha kubeba maji mpaka nione la kufanya.

Barnabas


Homa Bay,
5 Mei 2024

Kwa Shemeji Barnabas,

Nakusalimu kwa furaha. Mvua imenyesha, mtaro umetapika mpaka mlangoni, lakini leo sina nafasi ya kulalamika. Pauline ameshika nafasi nzuri darasani. Hukunijibu kuhusu kikohozi.

Nilikwenda kwenye mkutano pamoja na Joash. Ukumbi ulijaa. Mtu wa mradi anaitwa Wesley, kijana mpole, anajua kusikiliza, au anajua kuonekana anasikiliza. Watu wengi walikuwa wamekuja kupinga. Mfanyabiashara mmoja, Onyancha, alisimama akasema, "Watu wanakosa dawa, nyinyi mnataka maua? Nipeni hizo pesa niwanunulie watu dawa." Ukumbi ukampigia makofi. Hata mimi, Shemeji, kidogo nimpigie.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nikamwambia Joash, "Baba Pauline, tafadhali tembea mpaka pale mlangoni." Akaniangalia kwa hasira kwanza. Kisha akainuka. Alitembea katikati ya watu wote wale, mguu ukiburuta kwenye simenti. Alipofika mlangoni akageuka, akarudi. Ilichukua muda mrefu sana.

Nikasema, "Huyu dawa anazo. Amezimeza leo asubuhi. Anachokosa ni pale mlangoni mpaka hapa. Nyumbani kwangu umbali huo haupo. Na wako wengi, mmewaficha vyumbani tu."

Nyamoita wa kwenye kibanda cha mboga akainuka, akasema mumewe alikufa kwa presha akiwa amekaa kitini. Mwingine akainuka, na mwingine. Onyancha akawa wa kwanza kusema, "Basi wapewe."

Wesley alituambia ukweli mmoja ambao nauandika ili uusikie na wewe. Alisema pesa zilizopo ni za awamu ya kwanza: njia, mabenchi na miche. Maji, uzio na mshahara wa mtunza bustani ni awamu ya pili, na hiyo itategemea wafadhili wakiridhika. Akauliza, "Hii ardhi ni ya nani?" Wazee wakasema ni ya umma tangu enzi za pamba. Akasema, "Kwa sasa itatosha."

Tulizoa taka kwa majembe na mikono. Wiki iliyopita tumepanda miarobaini na jakaranda. Joash alipanda wake kwa mkono mmoja, akishindilia udongo kwa kisigino kile kizima. Alikataa kusaidiwa.

Njoo uone.
Edith


Macalder,
2 Julai 2024

Nyar Kisii,

Tuko. Mashimo yalijaa maji, watu walikaa bila kazi. Sasa yamekauka, kinu kinasaga usiku na mchana.

Nimeisoma ile habari ya Joash ukumbini mara nyingi. Nimemsomea Elvis pia. Mimi nilicheka neno bustani, kicheko hicho nakirudisha.

Nitakuja mwanzoni mwa Agosti. Usipike kitu kikubwa. Dagaa tu, hizo omena, zinatosha.

Barnabas


Homa Bay,
22 Septemba 2024

Kwa Shemeji Barnabas,

Amani iwe nawe. Agosti imepita. Nilipika omena, nikapika na kuku pia, tukala wenyewe siku ya tatu. Joash alikaa mlangoni akiangalia upande wa stendi kila gari lilipopiga honi. Kama ulikuwa na kazi ungemtuma Elvis aandike mstari mmoja. Sikulaumu. Ninakuuliza tu.

Nikuambie mazuri. Bustani imeshika. Si kubwa, unaweza kuizunguka mtoto akiwa bado analilia uji. Lakini kuna njia ya changarawe, kuna mabenchi, na miche mingine imenifika kifuani. Asubuhi utawakuta akina mama wanatembea wakiwa wamefunga leso viunoni, wanasengenya huku wanatoka jasho. Muuguzi huja mara kwa mara na kipimo. Presha ya Nyamoita imeshuka mpaka alimwambia muuguzi apime tena, mashine imeharibika. Watoto wanaocheza pale hawakohoi kama wale wa kando ya barabara. Labda ni macho yangu tu, lakini mama zao pia wanasema.

Joash anazunguka mara mbili bila fimbo. Maneno yamerudi karibu yote. Juzi alinigombeza kwa sentensi nzima, nikaenda kulia jikoni kwa furaha.

Shida ni moja. Awamu ya pili haijaja. Maji tunabeba sisi kwa madumu, kwa zamu. Wesley anasema wafadhili wameridhika sana, lakini wanataka kuona hati ya ardhi kabla ya kutoa pesa zaidi. Hakuna mtu anayejua hati iko wapi. Anasema tusubiri. Nimemwomba jambo kwa ajili yako: pesa zikija wataajiri mtunza bustani, na nimelitaja jina la Elvis. Alisema kijana mwenye nguvu anayetoka familia inayoupenda mradi ndiye wanayemtaka. Atalala kwetu, sebuleni. Mtoe kwenye lile vumbi, Shemeji.

Na wewe? Kifua?
Edith


Macalder,
8 Desemba 2024

Nyar Kisii,

Nimekawia. Kalamu ilikuwa nzito.

Habari ya Elvis nimeipokea. Nilipomwambia, aliniuliza kama mtunza bustani hupewa sare. Nikamwambia nafikiri. Amefurahi, ijapokuwa anajifanya hajali.

Umeniuliza kuhusu Agosti. Nilikuja.

Nilishuka stendi asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimebeba mfuko wa karanga za Joash. Nikaanza kupanda kile kilima cha kuja kwenu. Sikufika katikati. Pumzi ilikatika, nikakaa mbele ya duka la mtu, mwenye duka akaniletea maji. Nikainuka, nikaenda hatua chache, nikakaa tena. Watu walidhani nimelewa.

Pale nilipokaa nikaona chini nyuma ya ghala. Niliiona miche, na nikamwona Joash, shati la bluu, anatembea. Nilimjua kwa mabega. Alifika mwisho wa njia, akageuka, akarudi. Alikuwa anakwenda vizuri kabisa.

Sikuweza kumwita, sauti haikuwepo. Na hata ingekuwepo. Yeye amejifunza kutembea upya, mimi nije nimwonyeshe kaka yake hawezi kupanda kilima? Nilimpa mwenye duka zile karanga, nikarudi stendi polepole.

Hospitalini walinipa dawa za TB, nimezimaliza. Walipopiga picha ya kifua mara ya pili wakasema si TB. Ni vumbi la mawe. Limekaa humo. Halitoki.

Usimwambie.
Barnabas


Homa Bay,
19 Januari 2025

Kwa Shemeji Barnabas,

Nimeipata barua yako, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sitamwambia. Lakini na mimi nina la kusema, na ninakuomba usilikatae haraka.

Acha kinu. Njoo ukae kwetu. Siyo kutembelea, kukaa. Hilo vumbi halitoki, sawa, lakini lingine lisiongezwe. Kutoka stendi Joash atakutumia bodaboda ya rafiki yake, hutapanda kilima. Asubuhi mtashuka wote wawili taratibu mpaka uwanjani. Mkichoka mtakaa, mkipumzika mtainuka. Elvis atakuja na wewe, akisubiri ile kazi. Mtu anahitaji mahali pa kupumua, Shemeji, hata kama ni padogo.

Miti ipo. Jua ni kali mwaka huu. Joash anaendelea vyema na anakusalimu, anasema una deni lake la kuja.

Wesley hajaonekana karibuni, nadhani ana kazi nyingi.

Tafadhali njoo.
Edith


Macalder,
16 Machi 2025

Nyar Kisii,

Nimekubali.

Nimekaa na maneno yako tangu yalipofika. Kwanza nilisema hapana, mimi si mzigo wa kubebwa na mke wa mdogo wangu. Halafu wiki hii nilishindwa kufika kinuni. Ni hapo tu, ng'ambo ya kijito. Elvis alinikuta nimeshika mti wa uzio. Akaniuliza, "Baba, unangoja nani?" Nikamwambia nangoja mtu.

Nimemwambia mwenye kinu atafute mwingine. Mbuzi nimewauza isipokuwa wawili. Elvis amejinunulia gambuti za kazi ya bustani, anazivaa hata jua likiwaka, vijana wa mgodini wanamcheka naye hajali. Sijamwona hivyo tangu mama yake afe.

Usiku nikikosa usingizi naiona ile njia ya changarawe. Najiwekea mpango: siku ya kwanza mpaka benchi la kwanza tu. Sitaki kujionyesha.

Hukuniandikia miti imefika wapi. Wa Joash ni upi, nisije nikauegemea?

Tutakuja baada ya Pasaka.
Barnabas


Homa Bay,
6 Aprili 2025

Kwa Shemeji Barnabas,

Nakusalimu. Pauline hajambo. Sijui niongeze salamu gani.

Nilikudanganya Januari. Niliandika "miti ipo" na nilikuwa nimetoka kung'oa iliyokufa. Mfereji tuliokuwa tukichota ulikauka kuanzia Desemba, na maji ya kununua yaliwashinda akina mama. Mmoja mmoja wakaacha zamu. Jakaranda zilikwenda kwanza. Miarobaini ilivumilia. Nilidhani mvua za Machi zitatuwahi, na kwamba wewe ukija utaikuta mizima iliyobaki, hutajua ilikuwa mingapi. Nilitaka uje, Shemeji, kwa hiyo nilinyamaza.

Pesa za awamu ya pili zilikwenda mji mwingine. Nilimpata Wesley kwa shida. Nilimwuliza, "Mlisema wameridhika?" Akasema, "Mama Pauline, wameridhika sana. Ripoti yenu ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini hawawezi kuweka uzio kwenye ardhi isiyo na hati." Aliniangalia kama mtu anayetaka kulia. Nikamwonea huruma, halafu nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Kumbe hati ilikuwepo. Haikuwa ya umma, wala haikuwa yetu. Kuna mtu, hatujawahi kumwona uso, amekuja nayo. Anajenga maduka. Mawakili wanasema makaratasi yake hayana kasoro. Alingoja sisi tuzoe taka kwanza.

Tingatinga lilikuja siku ya Sabato, tarehe ishirini na tisa mwezi uliopita. Mimi nilikuwa kanisani. Joash hutembea kwanza, kisha hunifuata wakati wa mahubiri. Hakuja. Nyamoita ndiye aliyeona, na haya ni maneno yake.

Joash alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho amevaa suti yake ya kijivu. Dereva akamwambia, "Mzee, toka, tuna kazi." Joash akasema, "Na mimi nina kazi." Dereva akauliza, "Kazi gani?" Joash akasema, "Kutembea. Nimebakiza mzunguko mmoja." Akainuka, akatembea. Dereva akazima mashine, akamngoja! Nyamoita anasema watu walisimama barabarani, hakuna aliyecheka. Alimaliza mzunguko wake, akarudi kwenye lile benchi, akakaa. Hakutaka kuinuka tena. Basi vijana wawili wakamwinua, kwa adabu, wakimwita baba, wakamweka kando ya barabara juu ya gunia. Alikaa hapo mpaka wakamaliza.

Nilipotoka kanisani nilimkuta na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia, "Twende nyumbani." Alikuja. Alilala akaelekea ukutani. Tangu siku hiyo hajaenda hata mlangoni. Mguu umeanza tena kuwa mzito, maneno yamepungua, dawa anazitema. Nikimbembeleza anasema, "Kwenda wapi?"

Kwa hiyo, Shemeji, kile nilichokuitia hakipo. Hakuna njia, hakuna benchi. Kazi ya Elvis haipo. Umemwachia mtu kinu na umeuza mbuzi kwa neno langu.

Lakini njoo. Njoo upesi kabla ya Pasaka. Usije kwa ajili ya hewa. Njoo kwa ajili yake, maana mimi sauti yangu hasikii tena.

Nisamehe.
Edith


Macalder,
29 Juni 2025

Nyar Kisii,

Nimefika salama. Natumaini Pauline amerudi shule na umeanza kulala. Natumaini cherehani yako umeifunua, unashona tena.

Tangu tumwache Joash kaburini pale Rusinga sijakuandikia, na pale matangani hatukuongea. Watu walikuwa wengi, na mimi siwasikii. Niliona midomo tu. Nilimwona yule Wesley amekuja, amesimama nyuma ya hema peke yake. Nilitaka kumfuata nimwambie jambo, nikaona ni mbali. Labda ni afadhali.

Uliomba nikusamehe. Sina cha kukusamehe. Ulimpa ndugu yangu mwaka mmoja. Nilimwona kwa macho yangu akitembea, mabega juu. Watu wangu wengine wote waliokwenda, hakuna aliyepewa hata hivyo. Lakini sitakuambia kwamba ilikuwa ya thamani na basi. Wamekuambia hivyo wengi pale matangani, niliwaona wakikushika mikono. Mimi nasema ilikuwa bora tusiujue ule uwanja, au tuupate mzima. Kuonjeshwa ndiko kulikomuua.

Sasa nikuambie zile siku za mwisho, kwa kuwa ulikuwa ukipika na kupokea wageni na hukuona yote. Nilikaa naye kitandani. Nilimshika ule mkono uliolala. Sikumwambia "inuka". Nilikuwa nimekuja na neno hilo tangu Macalder, lakini nilipomwona sikuweza kulitoa. Alinisikiliza nikivuta pumzi, maana kifua changu sasa kinapiga filimbi na kila mtu anasikia isipokuwa mimi. Akanitazama sana. Akaweka mkono mzima hapa kifuani pangu. Akasema neno, nikaona midomo, sikulisikia. Nikamwuliza, "Nini?" Akasema tena. Sikulisikia tena. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyesikia. Akafumba macho. Ndiyo hivyo, Nyar Kisii. Mdogo wangu aliniambia neno la mwisho na mimi sijui ni nini. Kama wewe ulikuwa karibu ukalisikia, usiniandikie. Liache.

Daktari wa Migori amesema hakuna dawa, nikae nipumzike, nisikae penye vumbi. Nimemwuliza kama ulivyomwuliza yule wako, "Daktari, wewe unakujua kwetu?" Homa Bay siji tena. Umenialika mara mbili na nakushukuru, lakini chumba chenu cha kulala ni kimoja na mlango wenu unaelekea mtaroni. Rusinga nyumba imeanguka upande, hakuna wa kuisimamisha. Nitakaa hapa.

Mbuzi wawili waliobaki mmoja amekufa. Unga unakwisha na mimi siwezi hata kubeba dumu. Nilitafuta neno la kumkataza Elvis asiende kinuni, sikulipata. Nilikuwa nimebaki na moja tu, la Homa Bay, na hilo limekwisha.

Mwenye kinu hakuwa amepata mtu wa nafasi yangu. Elvis alianza Jumatatu. Asubuhi alikuja kuniaga pale kitandani, amevaa zile gambuti, amefunga kitambaa puani. Kilikuwa kimelegea.

Nilimwambia ainame. Nikakikaza.

Barnabas